Kitabu hakikupotea, jina njo lilipotea: historia ya katalogi kutoka fishi mupaka BIBFRAME



Leo ninaleta historia ya kitu chenye wengi kati yetu hawakiangalie hata mara moja: katalogi ya biblioteke. Najua kuko wenye watasema, "Weye, sisi tunatafuta kazi, unatuletea fishi za vitabu?" Muningojee kidogo. Nitaanza na jambo lenye lilinifikia mimi mwenyewe, kisha mutaona kama haliwafikie na ninyi.

Wakati nilikuwa naandika memwari yangu ya lisansi juu ya nyumba za wafanyakazi wa Lubumbashi, profesere mumoja aliniambia kama kuko mwanafunzi wa zamani sana mwenye aliandika juu ya jambo lile lile. Nikaenda kuitafuta kazi yake katika biblioteke moja ya hapa kwetu, sitaitaja jina. Kulikuwa ordinatere moja kwa wasomaji wote. Nikaandika "Lubumbashi". Ikaniletea mambo mengi, lakini ile kazi, hapana. Siku mbili nzima. Siku ya tatu, muzee mumoja mwenye kutumika pale tangu zamani akapita nyuma yangu, akaangalia ekra, akacheka.

"Mutoto yangu, ile kazi ni ya mbele ya 1966. Muji ulikuwa unaitwa Elisabethville. Tafuta kwa jina ya wakati yake."

Nikaandika "Elisabethville". Hakuna kitu. Muzee akafikiri kidogo. "Basi mwenye kuingiza katika mashini aliandika E'ville."

Njo vile. Kazi ilikuwa katika rafu, hatua tano kutoka pale nilikuwa nimekaa. Haikuibiwa, haikuliwa na muchwa. Ilipotea ndani ya neno moja. Na leo yule muzee amekwisha kuingia pansio. Kama mwanafunzi mwingine anakaa mbele ya ile ordinatere, nani atacheka nyuma yake na kumuambia "E'ville"?

Hilo njo swali langu. Kwa kulijibu, turudie nyuma, zaidi ya miaka mia mbili.

1. KARATA, KANUNI NA FISHI

Zamani katalogi ilikuwa kitabu. Mutu anaandika orodha ya vitabu vyote, moja kisha ingine. Kitabu kipya kikifika, nafasi yake katika musitari hakuna tena. Wanakisukumia pembeni ya ukurasa, ao wanaanza kitabu kingine cha orodha.

Kisha Mapinduzi, serikali ya Ufaransa ilijikuta na vitabu vingi sana vyenye ilinyanganya makanisa na matajiri wenye kukimbia. Walitaka kujua kuko nini ndani ya nchi nzima. Mwaka wa 1791 wakatoa maagizo: kila kitabu kiandikwe nyuma ya karata ya kuchezea. Wakati ule nyuma ya karata kulikuwa kweupe, na karata zilikuwa za karatasi ngumu zenye kipimo kimoja. Musicheke, wazo lile lilikuwa kubwa. Karata moja, kitabu kimoja. Karata inaweza kuhama, inaweza kupangwa upya, na mupya unaingia katikati bila kuharibu zingine.

Lakini karata haitoshi kama kila mutu anaandika ginsi anavyotaka. Antonio Panizzi, mukimbizi wa Italia mwenye alipata kazi katika British Museum kule London, alitoa kanuni 91 mwaka wa 1841: jina la mwandikaji linaandikwa namna gani, kitabu bila mwandikaji kinawekwa wapi, na kadhalika. Watu walilalamika sana. Kanuni zote hizi kwa ajili ya orodha tu? Malalamiko yalifika mupaka mbele ya tume ya serikali. Panizzi alisimama palepale: kitabu kimoja kinaweza kuwa na matoleo mengi, tafsiri nyingi na majina mengi, na katalogi inapaswa kuvionyesha pamoja.

Mwaka wa 1876, Mumarekani Charles Cutter alisema wazi katalogi ni ya nini: kumusaidia mutu apate kitabu kama anajua mwandikaji, kichwa ao jambo, kumuonyesha biblioteke iko na nini ya mwandikaji fulani ao ya jambo fulani, na kumusaidia achague. Ukiangalia vizuri, hata Internete ya leo inajaribu tu kufanya hayo matatu.

Mwaka wa 1901, Library of Congress (Congress ni bunge la Marekani, hakuna undugu na Congo yetu) ilianza kuchapa fishi na kuziuzisha kwa biblioteke zingine. Fishi ya sentimetre 7.5 kwa 12.5, na tundu chini kwa kupitisha chuma. Wenye walisoma mbele yetu wanazijua: vile visanduku vya mbao, ile harufu ya karatasi, vidole vinakimbia juu ya herufi. Waliendelea kuziuzisha mupaka mwaka wa 1997.

2. MAMA MWENYE KUINGIZA FISHI NDANI YA MASHINI

Katika miaka ya 1960, ordinatere ilikuwa kitu cha kujaza chumba kizima. Henriette Avram hakukuwa mutu wa biblioteke, alikuwa mutu wa programu. Aliingia Library of Congress mwaka wa 1965 na akapewa kazi ya kufanya mashini isome fishi. Ilimupasa kwanza kujifunza fishi yenyewe: kila nukta, kila mukwaju, kila nafasi nyeupe iko na maana gani. Majaribio yalianza mwisho wa 1966 na biblioteke 16, na katika 1969 bande zikaanza kutumwa. Kazi ile ikaitwa MARC.

Kwa MARC, kila kipande cha fishi kiko na namba. Mwandikaji mukubwa anaingia 100. Kichwa kinaingia 245. Jambo lenye kitabu kinazungumuzia linaingia 650 ao, kama ni fasi, 651. Nchi zenye kufuata njia ya Ufaransa zilizoea zaidi UNIMARC, yenye ilitoka 1977: kule kichwa ni 200, na mwandikaji ni 700. Lakini roho ni moja.

Tumuheshimu mama Avram. Mbele yake, biblioteke yenye haikununua fishi za Washington ilikuwa inaandika upya kitabu kile kile. Kisha yeye, kimoja kikiandikwa vizuri Washington, wengine wanakichukua kama kilivyo. Ile faida imetumika zaidi ya miaka 50, na hata leo biblioteke nyingi za dunia zinaishi juu ya MARC.

Ila kuko jambo moja. MARC ilichukua fishi, ikaiweka ndani ya mashini, na fishi ikabaki fishi. Ndani ya musitari wa 651 kuko maneno tu: L-u-b-u-m-b-a-s-h-i. Mashini haijue kama ule ni muji. Haijue kama uko katika Katanga. Haijue kama Elisabethville ni muji ule ule. Kwa mashini, "Lubumbashi" na "Elisabethville" ni safu mbili za herufi, sawa vile "meza" na "mbuzi". Mwenye kujua ni mutu. Njo maana biblioteke zilikuwa na fishi zingine za kuelekeza: "Kama unatafuta hili, angalia lile." Fasi yenye kuko watu na feza za kufanya ile kazi, inaenda. Fasi yenye hakuna, inabaki kichwani mwa muzee mumoja.

3. NCHI YETU NI MUTIHANI WA KATALOGI

Kama unataka kujua katalogi iko na nguvu ao haina, uipatie Congo.

Hesabuni na mimi. Kutoka 1885 mupaka 1908: État Indépendant du Congo, mali ya Léopold II. Kutoka 1908: Congo belge. Mwaka wa 1960: République du Congo, na ng'ambo ya muto jirani naye République du Congo, mwaka ule ule! Mwaka wa 1964: République démocratique du Congo. Tarehe 27 Oktoba 1971: Zaïre. Mwezi wa Mei 1997: RDC tena. Miji ikabadilika majina mwaka wa 1966: Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville ikawa Kisangani, Elisabethville ikawa Lubumbashi. Jadotville ikawa Likasi.

Univasite nayo. Hapa kwetu ilizaliwa mwaka wa 1956 kama univasite ya serikali ya wakoloni. Mwaka wa 1971 ilimezwa pamoja na Lovanium ya Kinshasa na ile ya Kisangani ndani ya UNAZA. Mwaka wa 1981 ikatoka tena kama Université de Lubumbashi. Mwanafunzi wa 1962, wa 1975 na wa 1985 wanaweza kukaa juu ya banki moja, katika chumba kimoja, na memwari zao zinaingia katika katalogi chini ya shule tatu.

Tena majina ya watu. Katika 1972, kwa sababu ya otantisite, majina ya Kikristo yaliondolewa. V. Y. Mudimbe, mutoto wa Likasi mwenye dunia nzima inamusoma, alikuwa Valentin-Yves, akawa Vumbi Yoka. Herufi V na Y zilibaki pale pale, na vitabu vyake vikaendelea kutoka kwa zile herufi mbili. Yeye alijiokoa. Lakini wangapi walisaini memwari kama Jean-Pierre fulani, na artikle ya 1974 kwa jina lenye halifanane hata kidogo? Kwa mashini, hao ni watu wawili. Mumoja alikufa 1971, mwingine alizaliwa 1972.

Kanuni za biblioteke zilijaribu. Kwa kawaida zinasema: kama nchi ni jambo la kitabu na mipaka haikubadilika, tumia jina la mwisho, kama ofisi ao shule njo ilitoa kitabu, tumia jina la wakati ule. Ni kanuni nzuri. Lakini siku ya kubadilisha "Zaïre" kuwa "Congo", mutu anapaswa kupita katika kila notisi yenye neno lile. Wakati ya fishi, ilikuwa mukasi na kalamu. Wakati ya mashini, ni kama programu inajua kufanya vile na kama umeme uko.

4. WAZO LA KUTOANDIKA JINA

Tim Berners-Lee ni yule Mwingereza mwenye alitoa wazo la Web mwaka wa 1989, wakati alikuwa anatumika CERN kule Geneva. Mwaka wa 2006 akaandika kanuni ine fupi juu ya kile tunaweza kuita data zenye kuunganishwa. Nitazisema kwa maneno yangu. Moja: kila kitu (mutu, muji, kitabu) kipewe kitambulisho. Mbili: kitambulisho kile kiwe adresi ya Web, ili mutu aweze kukifungua. Tatu: akikifungua, apate habari zenye kupangwa kwa njia yenye wote wanaijua. Ine: ndani ya zile habari, kuwe njia za kwenda kwa vitu vingine.

Njia ile ya kupanga, yenye jina RDF, ilikuwa imekubaliwa tangu 1999. Ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kila habari ni sentensi ya vipande vitatu: kitu, uhusiano, kitu. "Memwari hii / inazungumuzia / muji ule." "Muji ule / uliitwa / Elisabethville." "Muji ule / unaitwa / Lubumbashi." Lakini pale penye ninaandika "muji ule", mashini haina neno, iko na namba. Katika Wikidata, kwa mufano, nchi yetu ni Q974. Q974 si Zaïre, si Congo belge. Serikali yenye kuja ikibadilisha jina tena, Q974 haitatikisika. Majina yote yanatundikwa juu yake kama nguo juu ya msumari, kila moja na tarehe zake.

Rudini sasa kwa hadisi yangu ya mwanzo. Kama ile kazi ingekuwa imeunganishwa na namba ya muji, ningeandika Lubumbashi, Elisabethville ao hata E'ville, na yote yangenifikisha fasi moja. Kile chenye muzee alikuwa anajua kingekuwa kimeandikwa mara moja tu, na kingesaidia vitabu vyote.

5. BIBFRAME: KUPASUA FISHI

Watu wa biblioteke hawakukuwa wamelala. Tangu 1998, shirika lao la dunia, IFLA, lilikuwa limetoa ripoti yenye kusema kama neno "kitabu" linaficha mambo ine: kazi yenyewe katika akili ya mwandikaji, ginsi ilivyosemwa (kwa mufano katika luga fulani), toleo lenye kuchapwa, na ile kopi yenye uko nayo mukononi. Mwaka wa 2002 mutaalamu mumoja wa Marekani, Roy Tennant, aliandika artikle yenye kichwa cha kutangaza kama MARC inapaswa kufa. Wengi walikasirika.

Mwaka wa 2011 Library of Congress wenyewe, nyumba ya mama Avram, walitangaza kama wanatafuta musingi mupya. Mwaka wa 2012 wakatoa mufano wa kwanza, BIBFRAME, na mwaka wa 2016 toleo la pili lenye tunalijua leo. Linapasua fishi vipande vitatu. Kazi: kile chenye kiliandikwa, luga yake, mambo yake. Toleo: nani alikichapa, wapi, mwaka gani. Kopi: ile moja yenye iko katika rafu fulani. Kila kipande kiko na adresi yake, na watu, miji na mambo viko inje, vinaunganishwa kwa njia za vitambulisho.

Kwa karatasi ni vizuri. Lakini modeli ni sawa vile suti yenye ilishonwa kwa mutu mwingine. Wenye walikuwa wa kwanza kuivaa katika nchi nzima ni Wasweden, na hadisi yao inafundisha.

Biblioteke ya taifa ya Sweden inaongoza Libris, katalogi moja yenye kukusanya biblioteke nyingi za nchi tangu miaka ya 1970. Mwaka wa 2008 walitoa katalogi yote kama data zenye kuunganishwa. Ila ilikuwa kivuli: kazi ilikuwa inafanyika ndani ya MARC, kisha mashini inatafsiri. Wakaona kama kivuli hakitoshi. Katika mwezi wa Juni 2018 walihamisha musingi wenyewe: tangu pale, mutu wa Libris akiandika notisi, anaiandika moja kwa moja katika modeli yenye kutoka kwa BIBFRAME.

Sikilizeni vizuri neno "yenye kutoka kwa". Hawakuichukua nzima nzima. Walitengeneza msamiati wao, KBV, wenye kuchanganya BIBFRAME na misamiati mingine, kwa sababu kulikuwa mambo katika data zao yenye BIBFRAME haikuwekea nafasi. Tena hawakuweza kuitupa MARC, kwa sababu programu za biblioteke zingine za nchi zilikuwa zinangojea MARC kila siku. Basi Libris inaendelea kutoa MARC kwa mulango wa nyuma. Na hapo mwanzo kipande cha Kazi kilibaki ndani ya notisi ya Toleo, kwa sababu kuzitenganisha notisi za zamani ni kazi ya pole pole. Fishi za zamani zilikuwa na nukta na mikwaju katikati ya maneno. Mutu anazielewa, mashini inapaswa kukisia.

Somo langu ni hili: hata nchi tajiri, yenye umeme siku nzima na katalogi moja ya taifa tangu miaka mingi, ilipaswa kukata na kushona. Hakuna haya ya kukata na kushona.

6. KITABU CHETU MOJA KATIKA MODELI

Tuipime na kitu chetu. Mwaka wa 1965, André Yav aliandika historia ya muji huu, "Vocabulaire de ville de Elisabethville". Aliiandika kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa upande wa watu wenye walitumika katika nyumba za wazungu. Ni moja kati ya historia chache sana za ukoloni zenye ziliandikwa na wafanyakazi wenyewe, kwa luga yao wenyewe. Ilikuwa karatasi za kupigwa kwa mashini. Mwaka wa 1990 Johannes Fabian, mutaalamu wa antropolojia, pamoja na Kalundi Mango, waliitoa kama kitabu kwa John Benjamins, na tafsiri ya Kiingereza pembeni, chini ya kichwa "History from Below". Kisha ikawekwa pia kwenye Internete.

Mwandikaji ni nani? MARC iko na musitari wa 100 mumoja tu, hauwezi kurudiwa. Juu ya kitabu cha 1990, jina la kwanza ni la Fabian. Jina la Yav liko ndani ya kichwa kidogo. Mwenye kufuata kanuni vizuri anaweza kumuweka Fabian katika 100, na boyi wa zamani anabaki kati ya maneno ya kichwa. Hakuna mutu mubaya hapa. Fabian mwenyewe aliweka jina la Yav pale wazi. Ni umbo la fishi njo linaomba mukubwa mumoja.

Katika BIBFRAME unaweza kusema vingine. Kazi ya kwanza: ya Yav, 1965, Kiswahili. Kazi ya pili: tafsiri, yenye kutoka kwa ya kwanza. Kazi ya tatu: maelezo ya Fabian, yenye kuzungumuzia ya kwanza. Toleo la 1990 linabeba zote tatu. Toleo la Internete lina adresi yake. Kila mutu anapata nafasi yake: mwandikaji, mutafsiri, mwenye kueleza. Mutu mwenye kutafuta Yav anamukuta Yav.

Ila tusijidanganye. Katika BIBFRAME pia waliingiza alama ya "muchango wa kwanza", kivuli cha musitari wa 100. Kama mwenye kuandika hafikirie, Yav atarudi nyuma tena, safari hii kwa teknolojia mupya. Na luga? Orodha ya luga ya MARC iko na "swa" tu kwa Kiswahili chote, cha Zanzibar na cha Katuba pamoja. Katika orodha kubwa zaidi, ISO 639-3, Kiswahili cha Congo kiko na alama yake: swc. Modeli inakubali alama ile. Lakini ni lazima mutu aiweke, na mutu wa Washington ao Stockholm hana sababu ya kufikiria vile. Sababu iko kwetu.

7. BASI TUFANYE NINI?

Sisemi tuhamishe biblioteke zetu katika BIBFRAME kesho. Fasi nyingi kuko hata ordinatere moja tu, na ile moja inangojea SNEL. Ninasema kitu kidogo: ile sehemu ya bei kali katika data zenye kuunganishwa si mashini. Ni ile akili ya muzee: kujua kama hili na lile ni kitu kimoja. Ile tunaweza kuiandika leo, katika tablo ya kawaida.

Musitari mumoja kwa kila memwari ya wana chama, ya zamani na ya sasa. Namba yenye haibadilike na haipewe kazi ingine hata kama ile ya kwanza imepotea. Jina la mwandikaji kama lilivyoandikwa, na majina yake mengine. Kichwa, bila kukisahihisha. Mwaka. Jina la univasite la wakati ule, na la leo. Fasi zenye inazungumuzia, kila moja na namba yake ya Wikidata. Luga, na kama ni yetu, swc. Na mwishoni: kopi iko wapi, katika rafu gani, nyumbani kwa nani. Kazi, Toleo, Kopi: mumekwisha kuona, ni vile vipande vitatu, bila kutaja BIBFRAME hata mara moja. Siku biblioteke zitakuwa tayari, mashini itasoma tablo yetu. Mashini inajua kusoma kile chenye kimetenganishwa vizuri. Kile chenye hakikuandikwa popote, hakuna modeli itakiokota.

Mukitaka kuona ginsi gani tutapotea, muangalie memwari zenu wenyewe. Mwaka wa ngapi mulimaliza? Jina lenu lilikuwa linaandikwa namna gani? Provense yenu ilikuwa Katanga, Shaba, ao leo ni Haut-Katanga? Watoto wenu watatafuta kwa neno gani?

Ule muzee angali hai. Anakaa Kenya, katika komini, si katika nchi ya jirani. Siku ya Posho yenye kuja nitaenda kumusalimia na kaye na kalamu, tutaanza na herufi E. Mwenye kutaka kuja na mimi, aniambie mbele ya Ijumaa. Na mwenye iko na muzee kama ule katika fakilite yake, asingojee.